Hewa Ukaa Iliyomo Sakafuni na Darini: Namna ya Kuikadiria Kabla ya Kubomoa

Fremu inapobadilisha mpangaji katika mitaa ya Kariakoo, mara nyingi jambo la kwanza kuonekana mlangoni ni viroba. Ndani yake mna marumaru zilizovunjwa, vipande vya dari ya jasi, vumbi la saruji, na pengine vioo vya ukuta uliosimama kwa miaka miwili tu. Viroba hungoja gari la taka kando ya barabara, na baada ya siku chache maboksi mapya ya marumaru hushushwa mahali pale pale. Mpangaji mpya amekwisha kulipa kilemba na kodi, na anaona ni haki yake kuanza na sakafu iliyo yake. Hatumlaumu. Tunachomwomba ni kwamba, kabla fundi hajainua nyundo, achukue kalamu na karatasi kwa muda wa nusu saa.

Sehemu hii ya kijitabu imeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya familia inayokarabati chumba katika maghorofa ya zamani ya Mnazi Mmoja, na kwa kila anayekwenda Gerezani kununua vifaa vya kumalizia nyumba. Inaeleza namna ya kukadiria kiasi cha hewa ukaa kilichotolewa ili sakafu, kuta na dari vipatikane. Tunalifundisha jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, hesabu ya hewa ukaa na hesabu ya fedha katika ukarabati hufuatana kwa karibu, na anayepunguza moja mara nyingi hupunguza na nyingine. Pili, maneno “rafiki wa mazingira” yameanza kuonekana kwenye ndoo za rangi na maboksi ya vifaa, nayo huongeza bei. Mlaji asiyejua kukadiria hana njia ya kujua kama analipia ukweli au analipia neno tupu.

Wataalamu huuita mzigo huu unyayo wa kaboni. Maana yake ni jumla ya gesi zinazoongeza joto la dunia, zilizotolewa tangu malighafi ilipochimbwa hadi bidhaa ilipotoka kiwandani, na kwa hesabu pana zaidi, hadi ilipofika kwako, ilipotumika na ilipotupwa. Gesi hizo zote hubadilishwa kuwa kipimo kimoja, yaani kilo za hewa ukaa. Kwa mlaji wa kawaida, sehemu ya kuanzia machimboni hadi mlango wa kiwanda ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ndiyo tutakayoihesabu. Safari tutaigusa kando.

Njia yenyewe ni kuzidisha. Unapata uzito wa kila kifaa kwa kilo, kisha unauzidisha kwa namba inayoonyesha ni kilo ngapi za hewa ukaa hutolewa kutengeneza kilo moja ya kifaa hicho. Namba hizo zipo katika hazina mbalimbali za takwimu. Mojawapo inayotumiwa sana duniani ni ile iitwayo ICE, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza. Tumezikaribisha hapa ili zihesabike kwa urahisi. Saruji ni takribani kilo 0.8 kwa kila kilo. Marumaru za sakafu, ambazo ni vigae vya udongo uliochomwa ingawa mtaani zimechukua jina la jiwe, nazo ni kama 0.8. Mbao za jasi, au jipsamu kama wasemavyo mafundi, ni 0.4. Rangi ya ukuta ni 2.5. Chuma chembamba kilichopakwa zinki, kinachoshikilia dari, ni 2.7. Mbao laini zilizopasuliwa ni 0.3, plaiwudi 0.7, na bodi za MDF 0.9. Kioo ni 1.4. Alumini ni kuanzia 7 hadi 13, kutegemea ilikotoka na kiasi cha alumini chakavu kilichochanganywa ndani yake.

Ukiuliza kwa nini namba hizi zimeachana hivyo, sehemu kubwa ya jibu ni moto. Jasi huokwa kwa joto la nyuzi mia na kitu tu, si mbali sana na la tanuri la mkate. Marumaru huchomwa kwa zaidi ya nyuzi 1,100. Saruji inahitaji nyuzi 1,450, na juu ya hapo ina jambo lake la pekee: mawe ya chokaa yanayochomwa, kama yale yanayochimbwa Wazo Hill kaskazini mwa jiji, yana hewa ukaa ndani yake yenyewe, nayo hutoka yanapoiva. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji hutoka katika jiwe, wala si katika makaa au gesi ya tanuri. Kwa hiyo hata kiwanda kikitumia nishati safi kabisa, jiwe bado litapumua.

Sasa tuchukue chumba cha mita 4 kwa 5, chenye urefu wa mita 3 kwenda juu. Sakafu yake ni mita za mraba 20. Boksi la marumaru za sentimita 60 kwa 60 huwa na vipande 4, yaani mita za mraba 1.44, na uzito wa kama kilo 28. Uzito huo kwa kawaida huchapwa ubavuni mwa boksi, na ndio namba ya kwanza unayopaswa kuinakili dukani. Ukiongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa na kuvunjika, utahitaji maboksi 16, sawa na kilo 448. Zidisha kwa 0.8: ni karibu kilo 360 za hewa ukaa. Chini ya marumaru fundi atamwaga zege jembamba la mchanga na saruji, unene wa kama sentimita 3, litakalomeza mifuko 4 ya saruji ya kilo 50. Hiyo ni kilo 160 nyingine. Mchanga wenyewe hauna uzito wowote wa maana katika hesabu hii.

Darini, mbao za jasi pamoja na masalia yake zitakuwa na uzito wa kama kilo 154, zenye hewa ukaa kilo 60. Chuma cha kuzishikilia, kama kilo 30 tu, kitaongeza kilo 80, na hapa wengi hushangaa kuona kwamba mifupa ya dari imeizidi dari yenyewe. Rangi ya kuta na dari, mikono miwili, ni lita 14 au kilo 20, nayo ni hewa ukaa kilo 50. Jumla ya chumba ni kama kilo 710. Ni hewa ukaa ya kuchoma zaidi ya lita 300 za petroli.

Usiitazame jumla hiyo kama bei iliyoandikwa na mashine ya risiti. Namba za kuzidishia zimetokana zaidi na viwanda vya Ulaya, na kiwanda kimoja hutofautiana na kingine. Tofauti ya kilo 10 au 20 kati ya vifaa viwili isikunyime usingizi. Kinachofaa kuangaliwa ni umbo la hesabu: karibu robo tatu ya mzigo wote iko chini ya miguu yako.

Walaji wengi hudhani adui mkubwa ni umbali, kwamba bidhaa iliyovuka bahari ndiyo chafu na ya hapa nyumbani ndiyo safi. Hesabu inasema vinginevyo. Meli ya makontena hutoa takribani gramu 15 za hewa ukaa kwa kila tani moja inayoisafirisha kilomita moja. Lori hutoa kama gramu 100. Marumaru zetu za kilo 448, zikitoka Foshan kusini mwa China, safari ya takribani kilomita 10,000 baharini, zitaongeza kama kilo 67. Zikitoka Chalinze kwa lori, kilomita zipatazo 100, zitaongeza kilo 4 au 5. Tofauti ipo, na ni sababu halali ya kupendelea viwanda vya Mkoa wa Pwani, vya Mkuranga na Chalinze, achilia mbali ajira za vijana wetu. Lakini bado ni sehemu ndogo ya zile kilo 360 za kuchomea udongo. Swali lenye nguvu kuliko “zimetoka wapi?” ni “tanuri linatumia nini?” Gesi asilia hutoa hewa ukaa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko makaa ya mawe kwa joto lile lile. Kiwanda kilichounganishwa na bomba la gesi kina la kujivunia, na muuzaji wake anapaswa kulijua.

Lakini hata swali hilo ni dogo mbele ya jingine: utanunua mara ngapi?

Tuseme fremu yenye ukubwa wa chumba chetu inavunjwa na kujengwa upya kila baada ya miaka 3, kwa sababu mpangaji amebadilika au mtindo umepitwa. Katika miaka 15 imefanywa mara 5, na hewa ukaa imefika kilo 3,550. Fremu ya jirani ilifanywa mara moja, kisha ikapakwa rangi tu kila baada ya miaka 3. Katika muda ule ule imefikia kilo 910. Hakuna marumaru duniani, ziwe na alama gani, zinazoweza kukuokolea kiasi hicho kwa kuzinunua. Kinachookoa ni kutozivunja zilizopo. Mpangaji anayeingia na mwenye nyumba wanaweza kukubaliana kwa maandishi ni vitu gani vitabaki na kwa bei gani, na tunashauri makubaliano hayo yaingie katika mkataba wa pango badala ya kuachwa yaelee katika mazungumzo ya kilemba.

Kuna jambo ambalo wakazi wa Mnazi Mmoja wanalo na pengine hawajui thamani yake. Maghorofa mengi ya eneo hili na ya mitaa ya katikati ya jiji, yakiwemo yale yaliyotaifishwa mwaka 1971 na ambayo baadaye yalikuja kusimamiwa na Shirika la Nyumba la Taifa, yalimaliziwa kwa sakafu ya terazo: saruji iliyochanganywa na chembe za mawe, kisha ikasagwa hadi ikang'aa. Baada ya nusu karne sakafu hiyo huwa imefifia, ina madoa ya mafuta ya taa na alama za miguu ya vitanda, na fundi atakuambia imekufa. Haijafa. Terazo husagwa upya kwa mashine, nyufa zikazibwa, ikapakwa nta, na ikarudi kama ilivyokuwa. Hewa ukaa inayotumika ni ya umeme wa mashine kwa siku moja au mbili. Kilo 520 za sakafu mpya zinafutika karatasini, pamoja na fedha zake.

Upo pia upande wa usalama, na hapa hatutaki kuficha uzito wa maneno. Kuweka marumaru juu ya terazo ya ghorofani ni kuongeza zege la sentimita 3 na marumaru zenyewe, ambavyo kwa chumba chetu ni kama tani 1.6 za mzigo mpya juu ya bamba ambalo msanifu wake hakulihesabia mzigo huo. Vyumba vitatu ni karibu tani 5. Tangu ghorofa liporomoke Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuchukua maisha ya watu, hakuna sababu ya mlaji yeyote wa eneo hili kuchukulia jambo hili kwa wepesi. Kabla ya kuongeza tabaka la sakafu ghorofani, au kuondoa ukuta ili kupanua fremu, pata kwanza maoni ya mhandisi aliyesajiliwa na idhini ya mwenye jengo.

Falsafa hii ya kubakiza si ngeni hapa. Soko la Kariakoo lenyewe, lililojengwa miaka ya 1970 kwa ramani ya msanifu Beda Amuli, liliungua Julai 2021. Jengo lile kuu lilikarabatiwa badala ya kubomolewa, na zege lake lililokwisha kumwagwa halikuhitaji kumwagwa tena.

Turudi darini. Katika ghorofa lenye bamba la zege juu, dari ya jasi ni pambo, au ni pazia la kufichia nyaya na mabomba ya kiyoyozi. Ukipiga plasta ya zamani rangi nyeupe na kuzipitisha nyaya katika mfereji wa plastiki, umeokoa kilo 140. Katika nyumba ya chini iliyoezekwa kwa mabati mambo ni tofauti: pale dari huzuia joto, na kuiondoa ni kukaribisha feni na kiyoyozi kufanya kazi mchana kutwa. Iweke, lakini uliza kama mifupa yake inaweza kuwa ya mbao badala ya chuma. Kwa chumba chetu mbao za paini zenye uzito wa kilo 90 hutoa kama kilo 27 za hewa ukaa dhidi ya kilo 80 za chuma. Hakikisha tu zimetiwa dawa ya mchwa.

Kuta za kioo na alumini ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi katika fremu za siku hizi. Kilo 30 za alumini huonekana si kitu. Fundi mmoja huzibeba begani. Lakini kwa hesabu yetu ni kilo 210 hadi 390 za hewa ukaa, pengine kuliko marumaru zote za chumba. Habari njema ni kwamba alumini iliyoyeyushwa kutoka kwenye chakavu huhitaji takribani asilimia 5 tu ya nishati ya alumini mpya, na fremu ya alumini iliyotumika inaweza kufunguliwa skrubu na kufungwa kwingine bila kuyeyushwa kabisa. Kariakoo imezoea kununua nguo za mtumba na simu zilizotumika bila aibu yoyote. Kwa nini mlango uliotumika uonewe haya?

Mbao zinahitaji tahadhari ya aina nyingine. Utasikia wauzaji wakisema kuwa mbao “zinafyonza kaboni”, na kwamba kwa hiyo kabati ya mbao ina mzigo chini ya sifuri. Ni kweli kwamba kila kilo ya mbao kavu imehifadhi kaboni inayolingana na zaidi ya kilo moja na nusu ya hewa ukaa. Lakini faida hiyo ni ya kweli pale tu mti mwingine unapokua mahali pa ule uliokatwa. Paini ya shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, hupandwa na kuvunwa kwa zamu. Mninga wa msitu wa asili huchukua miongo mingi kukomaa, na ukikatwa bila kibali hakuna anayerudi kupanda. Sisi tunapendekeza usitoe chochote katika hesabu kwa ajili ya mbao, hesabu 0.3 na uishie hapo. Kisha mwombe muuzaji, awe wa Keko au kwingineko, akuonyeshe hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu. Asiyekuwa nayo, mwache na mbao zake, hata kama bei inavutia.

Tunafika kwa yale maneno “rafiki wa mazingira”. Alama ya ubora ya TBS ni ya lazima kuitafuta, lakini inahusu ubora na usalama wa bidhaa. Haisemi bidhaa imetoa hewa ukaa kiasi gani. Anayedai kuwa bidhaa yake ina hewa ukaa kidogo anapaswa kuwa na tamko la mazingira la bidhaa, hati inayoandaliwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 14025 na kuhakikiwa na mtu mwingine asiyekuwa mtengenezaji. Ukionyeshwa hati hiyo, angalia kama ni ya bidhaa hiyo hiyo na kiwanda hicho hicho, kama muda wake haujaisha, na kama kipimo ni kwa kilo au kwa mita ya mraba, kwani ni rahisi kumlinganisha mwepesi na mzito ukadanganyika. Kama hakuna hati, una haki ya kuuliza maneno yale yamesimama juu ya nini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara, na dai la kijani lisilo na ushahidi haliwezi kujificha nje ya mipaka yake. Andika malalamiko yako, ambatanisha risiti ya EFD na picha ya boksi au ndoo, na uyapeleke Tume ya Ushindani.

Wapo watakaosema kwamba umeme wa nyumbani ndio tatizo, na kwamba marumaru ni hadithi ndogo. Kauli hiyo ilikuwa na nguvu zaidi zamani. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ianze kuingia kwenye gridi mwaka 2024, sehemu kubwa zaidi ya umeme wetu inatokana na maji. Kadiri umeme unavyokuwa safi, ndivyo sehemu ya vifaa vya ujenzi inavyozidi kuwa kubwa katika mzigo wa nyumba nzima.

Ikiwa umekwisha kuhesabu na bado sakafu lazima ibadilishwe, kwa mfano kwa sababu imeinuka au maji yanapita chini yake, chagua saruji kwa kazi yake. Kwenye mfuko hutangulia maandishi CEM I au CEM II, na kufuatiwa na namba kama 32.5 au 42.5. Namba ni nguvu. Maandishi ya mwanzo yanaonyesha mchanganyiko. CEM II ina kiasi cha mawe yasiyochomwa, na hivyo hewa ukaa pungufu, na kwa plasta na kitanda cha marumaru 32.5 yatosha kabisa. Fundi anayeng'ang'ania 42.5 kwa sakafu ya chumba cha kulala mwambie akueleze sababu.

Na siku kazi itakapokwisha, usimruhusu fundi aondoke na vipande vilivyobaki. Nakili namba ya toleo iliyopo kwenye boksi, kwa sababu marumaru za jina moja na toleo tofauti hutofautiana rangi. Weka boksi zima chini ya kitanda au stoo, pamoja na risiti. Sufuria itakapoanguka jikoni baada ya miaka 6 na kupasua marumaru mbili, utabadilisha mbili.